Lango Lisilo na Bawabu: Jinsi Protini Zinavyoingia na Kutoka katika Kiini cha Seli

Katika vitabu vingi vya biolojia vya shule za sekondari, kiini cha seli huchorwa kama duara dogo ndani ya duara kubwa. Mchoraji aliye makini zaidi huchora mistari miwili badala ya mmoja, ili kuonyesha kuwa utando wa kiini una tabaka mbili, kisha huikata mistari hiyo hapa na pale na kuandika pembeni: "tundu". Mwanafunzi hunakili mchoro huo, hupata alama zake katika mtihani, na tangu siku hiyo huamini kuwa utando wa kiini ni mfano wa chekecheke. Kilicho kidogo hupita na kilicho kikubwa hubaki nje.

Picha hiyo ina ukweli nusu. Haina jibu kwa swali moja rahisi ambalo mwanafunzi mwenye udadisi hana budi kuliuliza: ikiwa utando huo ni chekecheke, kwa nini protini fulani kubwa hujaa ndani ya kiini hadi kuwa nyingi kuliko nje mara nyingi, hali nyingine zilizo ndogo kuliko hizo hubaki nje maisha yao yote? Chekecheke hutenganisha kwa ukubwa. Halichagui, wala halilimbikizi kitu upande mmoja. Makala haya yanaeleza jinsi swali hilo lilivyojibiwa, na kwa nini jibu lake lina maana kwa mgonjwa wa pumu, kwa mgonjwa wa saratani na kwa vita dhidi ya UKIMWI.

Ulazima wa safari

Seli za wanyama, mimea na kuvu huhifadhi DNA zao ndani ya kiini. Lakini ribosomu, ambazo ndizo karakana za kutengeneza protini, hufanya kazi yake nje, katika saitoplazimu. Mgawanyo huu una matokeo makubwa. Kila protini inayofanya kazi ndani ya kiini, ikiwa ni kimeng'enya cha kunakili DNA au ni histoni ambayo DNA huzungushiwa kama uzi kwenye kigurudumu, imezaliwa nje na imelazimika kusafiri kuingia ndani. Kwa upande mwingine, RNA mjumbe ambayo hubeba maelezo ya kutengenezea protini huandikwa ndani na hutakiwa kutoka nje. Safari ya ajabu kuliko zote ni ile ya ribosomu zenyewe: protini zake hutengenezwa nje, huingia ndani ya kiini, huunganishwa humo na RNA, kisha vipande vilivyounganishwa hutoka tena kwenda kufanya kazi saitoplazimu.

Wingi wa safari hizi waweza kukadiriwa kwa hesabu ya darasani. Seli ya mamalia inapojiandaa kugawanyika hunakili DNA yake yote, na DNA mpya huhitaji histoni mpya. Inakadiriwa kuwa wakati huo histoni zipatazo milioni moja huingia katika kiini kila dakika 3. Kiini cha seli kama hiyo kina matundu 3,000 hadi 4,000 hivi. Ukigawanya utaona kuwa kila tundu hupitisha histoni kama 100 kwa dakika, na hizo ni histoni peke yake, mbali na mamia ya aina nyingine za protini zinazoingia na kutoka kwa wakati huo huo. Majaribio yameonyesha kuwa tundu moja laweza kupitisha molekuli zipatazo 1,000 kwa sekunde moja. Kwa hiyo lango hili haliwezi kuwa la kusimamisha kila mpitaji na kumkagua kwa utulivu.

Yai la chura

Matundu yenyewe yalionekana mwaka 1950, wakati H. G. Callan na S. G. Tomlin walipotumia hadubini ya elektroni kuchunguza utando wa viini vya mayai machanga ya amfibia. Kuyaona, hata hivyo, hakukueleza yanavyofanya kazi. Kwa hilo palihitajika seli ambayo mtafiti angeweza kuidunga sindano kama daktari amdungavyo mgonjwa, na kisha kukitoa kiini chake kizima kizima na kukipima.

Seli hiyo ilipatikana Afrika. Chura mwenye kucha, ambaye jina lake la kisayansi ni Xenopus laevis, ni mwenyeji wa kusini mwa bara hili; jamaa zake wa karibu wanaishi katika madimbwi ya eneo la Ziwa Victoria na ya pwani ya Afrika Mashariki. Tangu miaka ya 1930 vyura hawa walisafirishwa kwa wingi kwenda nchi za ng'ambo kwa ajili ya kupima mimba: mkojo wa mwanamke ulidungwa kwa chura jike, na chura akitaga mayai ilijulikana kuwa mwanamke ni mjamzito. Njia hiyo ya kupima ilipoachwa, vyura walikuwa wamekwisha kuzoeleka katika maabara za Ulaya na Marekani. Yai lake changa lina kipenyo cha zaidi ya milimita 1, na kiini chake kina kipenyo cha karibu milimita 0.4, yaani huonekana kwa macho matupu. Ni vigumu kufikiria seli ifaayo zaidi kwa kazi hii.

Mwaka 1975 William Bonner alidunga protini mbalimbali katika saitoplazimu ya mayai hayo. Protini ndogo zilienea kote, ndani na nje ya kiini. Kubwa ambazo si za kiini zilibaki nje. Lakini histoni hazikuenea tu: zilijikusanya ndani ya kiini. Kwa hiyo palikuwa na mambo mawili tofauti, na wala si moja kama picha ya chekecheke inavyodai. Matundu ni kweli huruhusu molekuli ndogo kupenya zenyewe, na wepesi huo hupungua kadiri molekuli inavyokuwa kubwa, hata ifikapo uzito wa daltoni 40,000 hivi upenyaji huwa wa polepole mno. Lakini juu ya hilo ipo njia nyingine, ya kuchagua, ambayo haijali sana ukubwa.

Mkia uliokatwa

Njia hiyo huchagua kwa kuangalia nini? Jaribio lililolijibu swali hili lilifanywa Cambridge, Uingereza, na Colin Dingwall, Ronald Laskey na mwenzao, likachapishwa mwaka 1982. Linastahili kuelezwa kwa utaratibu, kwa kuwa ni miongoni mwa majaribio machache ya biolojia ya seli ambayo mwanafunzi wa sekondari aweza kuyafuata hatua kwa hatua na kujiamulia mwenyewe.

Watafiti hao walitumia protini ya kiini cha yai la chura iitwayo nukleoplazmini. Protini hii ni kubwa, haiwezi kupenya tundu kwa bahati. Imeundwa kwa minyororo mitano inayofanana, na kila mnyororo una sehemu mbili: kichwa, ambacho kimeshikamana na vichwa vya wenzake kuwa donge gumu, na mkia unaoning'inia nje. Kimeng'enya cha kumeng'enya protini, kikitumiwa kwa kiasi, hukata mikia na kuliacha donge lilivyo. Kwa ujanja huo walipata nukleoplazmini nzima, donge lisilo na mkia, mikia mitupu, na hata madonge yaliyobakiwa na mkia mmoja, miwili, mitatu au minne.

Donge lisilo na mkia, lilipodungwa katika saitoplazimu, lilibaki huko huko ingawa lilikuwa dogo kuliko nukleoplazmini nzima. Mikia mitupu iliingia na kujikusanya ndani. Na donge lenye mkia mmoja tu nalo liliingia, japo taratibu kuliko lenye mikia yote. Basi, kibali cha kuingia kimo katika mkia, na kimoja chatosha.

Lakini msomaji makini ataona kuwa jawabu hilo lingeweza kupingwa. Huenda protini zote huingia na kutoka ovyo, na mkia ni kama nanga tu, ambayo huishikilia protini ndani ikishafika. Watafiti waliliona pingamizi hilo. Walidunga donge lisilo na mkia moja kwa moja ndani ya kiini. Kama mkia ungekuwa nanga, donge lingetoka. Halikutoka, lilikaa ndani vile vile lilivyokuwa limekaa nje. Mkia basi si nanga, bali ni tiketi ya kupita utando.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1984, tiketi ya aina hiyo ilisomwa herufi kwa herufi. Daniel Kalderon, Alan Smith na wenzao jijini London walichunguza protini kubwa ya virusi viitwavyo SV40, ambavyo huishi katika tumbili wa Asia. Protini hiyo ina asidi amino 708, na makazi yake ni kiini cha seli iliyoambukizwa. Waligundua kuwa asidi amino moja tu, lisini iliyo nafasi ya 128, ikibadilishwa na nyingine isiyofaa, protini nzima hubaki nje. Karibu na hapo ndipo ilipo alama yenyewe: prolini, lisini, lisini, lisini, arginini, lisini, valini. Ni asidi amino saba, na tano kati yake hubeba chaji chanya ya umeme. Alama hiyo ilipopachikwa kwenye kimeng'enya cha msuli wa kuku ambacho kwa kawaida hakiingii kiini hata siku moja, kimeng'enya hicho kiliingia. Kilikuwa hakina kazi yoyote humo. Kiliingia kwa kuwa kilikuwa na tiketi.

Mwaka huo huo Carl Feldherr na wenzake nchini Marekani walizipaka punje ndogo sana za dhahabu nukleoplazmini na kuzidunga katika mayai ya chura. Dhahabu huonekana nyeusi katika hadubini ya elektroni, hivyo ikawezekana kuzikuta punje zikiwa safarini: zilikuwa katikati ya matundu yale yale ya Callan na Tomlin. Hata dhahabu, ambayo si kitu cha uhai, ilipita kwa sababu ya alama iliyovikwa.

Yafaa kusimama hapa kidogo na kutaja tofauti moja. Protini ziendazo mitokondria, na zile zitolewazo nje ya seli, nazo huwa na alama za safari, lakini nyingi kati ya hizo hukatwa alama yake zifikapo. Alama ya kiini haikatwi. Sababu si vigumu kuiona. Seli za wanyama zinapogawanyika, utando wa kiini huvunjika na vilivyomo humwagika katika saitoplazimu. Utando ukijengwa upya, protini zote hizo hutakiwa kuingia tena, na isiyokuwa na tiketi ingeachwa nje milele.

Wachukuzi

Tiketi haina maana pasipo mwenye kuisoma. Mwaka 1990 Stephen Adam na Larry Gerace walitumia digitonini, kemikali itokayo katika mmea wa Ulaya uitwao Digitalis, kutoboa utando wa nje wa seli. Digitonini hushikamana na kolestroli, ambayo ni nyingi katika utando wa nje na chache katika utando wa kiini, hivyo kiini hubaki salama. Saitoplazimu ilipooshwa ikaisha, protini zenye alama hazikuingia tena ingawa matundu yalikuwapo. Maji ya saitoplazimu yaliporudishwa, safari ikaanza upya. Kilichokosekana, kwa hiyo, kilikuwa ndani ya maji hayo.

Kilichokosekana ni wachukuzi. Dirk Görlich na wenzake waliwapata katika mayai ya chura yule yule miaka ya 1994 na 1995, nao waliitwa importini. Importini alfa hushika alama ya mzigo. Importini beta hushika alfa, na ndiyo inayojua njia ya kupita langoni. Baadaye ilidhihirika kuwa ukoo wa importini beta ni mkubwa, na kwamba wengi wa jamaa zake hushika mizigo yao wenyewe bila ya kumhitaji alfa. Wako pia wachukuzi wa kutoa mizigo nje. Alama ya kutokea iligunduliwa mwaka 1995 na makundi mawili ya watafiti. Yenyewe haina chaji nyingi kama ile ya kuingilia, bali ina asidi amino zinazochukia maji, hasa lusini, zilizopangwa kwa nafasi maalumu. Mchukuzi wake, aitwaye CRM1, alitambuliwa mwaka 1997.

Uelekeo huamuliwa wapi?

Hapa ndipo walimu wengi huutumia mfano wa bawabu: kiini ni jumba, tundu ni lango, na langoni amesimama bawabu anayekagua vyeti na kuamua nani aingie na nani atoke. Mfano huo ni mzuri kwa watoto wa shule ya msingi, lakini katika sekondari unapotosha, na ni afadhali uachwe. Lango halina bawabu. Mchukuzi akiwa na mzigo au bila mzigo, anayekwenda ndani au anayekuja nje, lango humpitisha. Ingekuwa hayo tu ndiyo yaliyopo, mizigo ingeingia na kutoka hadi ilingane pande zote mbili, na hakuna ambacho kingelimbikizwa.

Kinachoamua uelekeo ni tofauti ya mazingira kati ya ndani na nje, na tofauti hiyo hushikiliwa na protini moja ndogo iitwayo Ran. Umuhimu wa Ran katika safari hizi ulionyeshwa mwaka 1993. Ran hubeba ama GTP, ambayo ni ndugu ya ile ATP ambayo wanafunzi huifahamu kutoka somo la upumuaji, ama GDP, ambayo ni GTP iliyopoteza fosfeti moja. Kwa ufupi, yenye GTP iitwe Ran iliyochajiwa, na yenye GDP iitwe Ran iliyokwisha chaji.

Protini inayoichaji Ran, yaani RCC1, imeshikamana na DNA pamoja na histoni zake, na kwa hiyo hupatikana ndani ya kiini tu. Protini inayoifanya Ran ipoteze chaji, yaani RanGAP, hukaa nje, nyingine zikiwa zimeng'ang'ania upande wa nje wa matundu. Matokeo yake ni kwamba ndani ya kiini Ran karibu yote imechajiwa, na nje karibu yote imekwisha chaji. Seli haihitaji ramani nyingine. Mchukuzi anayekutana na Ran iliyochajiwa "ajua" kuwa yuko ndani.

Importini beta aingiapo na mzigo wake, Ran iliyochajiwa humshika na kumlazimisha kuutua. Mzigo hubaki ndani. Beta hutoka nje akiwa ameshikwa na Ran. Huko RanGAP huifanya Ran ipoteze chaji, nayo humwachia, na beta huwa huru kuchukua mzigo mwingine. CRM1 ni kinyume chake kabisa: hawezi kushika mzigo wake barabara ila Ran iliyochajiwa iwepo. Kwa hiyo hupakia ndani, na chaji inapopotea nje, hutua. Importini alfa naye hutolewa nje na mchukuzi wake kwa kanuni hiyo hiyo, na Ran iliyokwisha chaji hurudishwa ndani na mchukuzi mwingine mdogo ili ichajiwe tena.

Msomaji ataona kuwa kupita langoni kwenyewe hakugharimu chochote. Nishati hutumika kuichaji Ran na kuipotezea chaji, yaani kuudumisha utofauti wa pande mbili, na utofauti huo ndio unaozisukuma safari zote. Mwaka 1999 Maxence Nachury na Karsten Weis walilithibitisha jambo hili kwa jaribio la kijasiri. Waliweka Ran iliyochajiwa kwa wingi upande wa nje wa kiini, mahali isipostahili kuwapo. Uelekeo wa safari ukageuka. Lango lilikuwa lile lile na wachukuzi wale wale, lakini sasa walichukua mizigo mahali walipopaswa kuitua.

Lango lenyewe

Kama lango halikagui mtu, hufanya nini basi? Ni jengo kubwa mno kwa vipimo vya seli: katika binadamu limejengwa kwa protini za aina 30 hivi, kila aina ikijirudia mara 8 au kwa mafungu ya 8, hata jumla yake ikafikia vipande kama 1,000. Likitazamwa kutoka juu huonekana kama ua lenye petali nane. Katikati yake kuna njia, lakini njia hiyo si uwazi mtupu. Imejaa nyuzi za protini zisizo na umbo maalumu, na katika nyuzi hizo asidi amino mbili, fenilalanini na glisini, hurudiwa pamoja mamia ya mara. Nyuzi hizo hufanya kitu kama wavu laini au uji mzito. Protini ya kawaida iliyo kubwa haiwezi kuupenya. Mchukuzi, kwa kuwa mgongoni mwake kuna vishimo ambavyo fenilalanini hukaa na kutoka upesi upesi, huyeyukia ndani ya wavu huo na kuibukia upande wa pili. Wataalamu bado wanabishana jinsi wavu huo ulivyopangika hasa. Kwamba vishimo hivyo ndivyo ufunguo wa kupita halibishaniwi.

Lango likiibwa

Seli yenyewe hutumia utaratibu huu kama swichi. Protini inayopokea homoni ya kotisoli hukaa saitoplazimu, alama yake ya kuingilia ikiwa imefichwa. Homoni ikifika, protini hugeuka umbo, huingia ndani ya kiini na kubadili usomaji wa jeni. Mgonjwa wa pumu apewapo vidonge vya prednisoloni, dawa inayofanana na homoni hiyo, nafuu anayoipata baada ya saa kadhaa hutegemea sana safari hiyo ya kuingia katika viini vya seli zake. Kuchelewa kwake si udhaifu wa dawa. Jeni husomwa, na protini hutengenezwa, kwa muda.

Safari ya kutoka nayo yaweza kugeuka kuwa hatari. Protini iitwayo p53 huzuia seli yenye DNA iliyoharibika isigawanyike, nayo lazima iwe ndani ya kiini ili ifanye kazi hiyo. Katika saratani kadhaa CRM1 huwa nyingi kupita kiasi, na walinzi wa namna hii hutolewa nje kupita kiasi. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha seleneksori, dawa inayomziba CRM1, kwa wagonjwa wa saratani ya seli za plazma za uboho ambao dawa nyingine zilikuwa zimewashinda. Haishangazi kwamba dawa hiyo huleta kichefuchefu, uchovu na upungufu wa chembe za kugandisha damu, maana seli zisizo na saratani nazo zamhitaji mchukuzi huyo huyo.

Lakini mwizi hodari kuliko wote wa lango hili ni virusi vya UKIMWI. Virusi vingi vya ukoo wake haviwezi kuingia katika kiini mpaka seli igawanyike na utando uvunjike. Virusi vya UKIMWI havingoji. Huweza kuambukiza seli isiyogawanyika, kama vile makrofaji, kwa kupita langoni. Kwa miaka mingi jambo hili lilikuwa fumbo, kwa sababu ganda la protini linalofunika jeni za virusi hivyo lina upana wa karibu nanomita 60, na njia ya lango iliaminika kuwa nyembamba kuliko hapo; wengi walidhani kuwa ganda huvunjika kabla ya kupita. Picha za seli zilizogandishwa ghafula, zilizochapishwa miaka ya 2020 na 2021, zilionyesha kuwa lango ndani ya seli hai hutanuka kuliko lilivyopimwa lilipotolewa nje, na kwamba ganda huonekana likiwa zima ndani ya lango lenyewe. Mwaka 2024 makundi mawili ya watafiti yalionyesha siri ya upitaji huo: juu ya ganda kuna vishimo vingi vinavyopokea fenilalanini na glisini za wavu, kama vile vya mgongo wa mchukuzi. Virusi havikuhitaji tiketi. Vimejigeuza mchukuzi.

Vikishaingia, jeni zake zikapachikwa katika DNA ya mgonjwa, virusi huhitaji kutoa RNA ndefu ambayo seli kwa kawaida huizuia isitoke kabla haijakatwakatwa. Kwa hili hutumia protini yake iitwayo Rev, yenye alama zote mbili, ya kuingilia na ya kutokea. Rev huingia, hushika RNA hiyo, na kumtumia CRM1 kuitoa. Alama ya kutokea iligunduliwa kwa mara ya kwanza kwa kuichunguza Rev pamoja na protini moja ya seli ya kawaida. Kwa namna hiyo adui mwenyewe alikuwa mwalimu.

Dawa iitwayo lenakapaviri hukaa katika vishimo vile vya ganda na kuvijaza, mahali ambapo fenilalanini ya wavu ingekaa. Huvuruga safari ya kuingia kiini, na huvuruga pia uundaji wa maganda mapya. Kwa kuwa huyeyuka polepole sana mwilini, sindano yake hudungwa mara mbili tu kwa mwaka. Katika majaribio yaliyofanywa Afrika Kusini na Uganda, na matokeo yake kutangazwa mwaka 2024, wasichana na wanawake vijana 2,134 walipewa dawa hiyo kwa ajili ya kinga. Hakuna hata mmoja wao aliyeambukizwa virusi katika muda huo wa uchunguzi.

Maswali ya darasani

1. Mtafiti amepata protini mpya yenye uzito wa daltoni 15,000, nayo imeonekana ndani ya kiini na nje kwa kiasi kilicho sawa. Je, hiyo ni hoja ya kutosha kwamba protini hiyo ina alama ya kuingilia? Buni jaribio la kulithibitisha jibu lako, ukifuata mfano wa dhahabu ya Feldherr au wa kimeng'enya cha msuli wa kuku.

2. Tuseme RCC1 ingehamishwa ikakaa saitoplazimu, na RanGAP ikahamishwa ndani ya kiini. Eleza, hatua kwa hatua, yatakayompata mzigo wenye alama ya kuingilia, na yatakayompata CRM1.

3. Chora upya mchoro wa kiini uliomo katika kitabu chako cha biolojia, ili mtu anayeutazama asidhani kuwa utando wake ni chekecheke. Ni kitu gani cha chini kabisa ambacho mchoro wako hauna budi kukionyesha kila upande wa utando?